Samaki Malaika Watatu katika Nyumba Moja ya Kinanira

Ninyi mnaozichukua ndoo zangu mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nimekubali kwa sharti moja: sitasema lolote juu ya vyeo. Anayesafisha matangi ya samaki hana cheo, ana mikono iliyokauka kwa maji na chumvi tu. Nitasema habari za siku yangu ya kwanza, za aliyenifundisha, na za nyumba moja ya mtaa wa Kinanira iliyonitoa jasho kuliko matangi mengine yote niliyowahi kuyatia mkono. Mengine mtayajua wenyewe mkishalowa.

Nilianzia kwa watu waliokuwa wakivua samaki wa rangi wa ziwa letu na kuwapeleka Ulaya kwa ndege. Siku ya kwanza nilitoka kwetu Buyenzi nimevaa viatu vya Idi, nikidhani nitawekwa mezani. Msimamizi, Bwana Deo, aliviangalia viatu, akaniangalia mimi, akanionyesha bomba la maji. Alikuwa amesomea viumbe wa majini, suruali yake ilikuwa na pasi hata kwenye tope, na kila alipopima maji aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Kufika adhuhuri viatu vya Idi vilikuwa vimekwisha. Mume wangu Saidi, ambaye wakati ule alikuwa fundi wa magari kwenye gereji ya mtaani kwetu, alivitazama jioni akasema kwamba yeye anayelala chini ya malori hajawahi kuua viatu kwa siku moja.

Bwana Deo alinifundisha mambo mawili ambayo sijayaacha mpaka leo. La kwanza, mkono. Aliniambia niutumbukize kwenye tangi na nisifanye chochote mpaka samaki waache kuushangaa. Nilisimama pale kama aliyesahau alichokuja kufanya, huku wenzangu wakicheka, mpaka samaki mmoja mdogo akaja kunidonoa kucha. Hapo akasema sasa naweza kuanza kazi. La pili, macho. Mtu mgeni akisimama mbele ya tangi huwaangalia samaki wanaopita. Ninyi waangalieni wasiopita. Aliyejibana kona ya nyuma, karibu na pampu, huyo ndiye mwenye habari za nyumba.

Samaki wa ziwa wana ugomvi, lakini ugomvi wao una dawa nyepesi. Ukiwaweka wawili, mmoja atamuua mwenzake. Ukiwaweka wengi sana, mchokozi anachoka kwa sababu hajui aanze na nani. Kila mtu mjini hapa aliyewahi kufuga samaki anaijua dawa hiyo, na wengi wameitumia vibaya walipohamia kwenye samaki wa bahari.

Bahari yenyewe ilinijia baadaye. Kampuni ile ilipofunga milango, Bwana Deo alianza kuwahudumia watu wenye matangi majumbani, akanichukua. Baadhi yao walitaka samaki wa chumvi, na samaki hao walikuja kwa ndege kutoka pwani, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa plastiki uliojazwa oksijeni. Maji yao tuliyatengeneza wenyewe. Unajaza pipa, unamwaga chumvi maalumu, si ile ya jikoni, unawasha pampu izungushe mpaka kesho yake, kisha unapima. Nyakati nyingine nilifanya kazi hiyo uani kwangu, na majirani wa Buyenzi wakawa wanaambizana kwamba Mwajuma anapika bahari. Mmoja alionja, akasema imekolea.

Nilipoanza kufanya kazi peke yangu nilikuwa na nyumba kadhaa, na mbili kati ya hizo ndizo za habari hii. Ya kwanza ilikuwa Mutakura, kwa Madame Spes, mwenye duka la dawa, mwanamke mpole aliyeishi peke yake na tangi dogo sebuleni. Ndani yake alikuwemo samaki malaika wa aina tunayoiita ya Kurani, kwa sababu wanapokua mkia wao hupata michirizi inayofanana na mwandiko wa Kiarabu. Mjomba wangu alipoisikia habari hiyo aliomba nimpeleke akasome. Alivaa miwani, akaukodolea mkia ule muda mrefu, kisha akasema labda ni mwandiko wa daktari. Madame Spes alimwita samaki wake Bwiza, kwa kuwa alikuwa mzuri kweli, nusu bado na pete nyeupe za utotoni na nusu tayari na rangi ya utu uzima.

Nyumba ya pili ilikuwa Kinanira, kwa mtu tuliyemwita Baba Ornella. Mkewe ndiye aliyekuwa mpenzi wa samaki. Alilipanga tangi refu kuliko kitanda, akajenga kwa mawe ya matumbawe kilima, mapango, na katikati jiwe moja lililopinda kama daraja. Humo alimtia malaika wa ile aina yenye mistari ya njano na buluu, akiwa bado mdogo kuliko sarafu, mweusi mwenye miduara myeupe. Alimlea mpaka akabadilisha nguo zake zote. Walimwita Shefu, yaani mkubwa wa nyumba. Kisha yule mama akaugua, akafariki, na Shefu akabaki na tangi zima, yeye na malaika mmoja wa aina ndogo mwenye mgongo wa rangi ya chungwa, ambaye hakumsumbua kwa sababu alikuwa hamfikii hata shavu. Binti yao Ornella, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, ndiye aliyemlisha. Hakumruhusu mtu mwingine isipokuwa mimi.

Baba Ornella na Madame Spes walikutana kwa ajili ya pampu. Ya Mutakura iliharibika, nikamwomba Baba Ornella atuazime ya akiba. Alisema ataipeleka mwenyewe. Wiki iliyofuata alikwenda kuangalia kama inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, lakini aliendelea kwenda kuikagua, na nikaona pampu ile imekaguliwa kuliko injini ya ndege. Nilifurahi, kwa kuwa wote wawili nilikuwa nawapenda na nyumba zao zote mbili zilikuwa kimya mno.

Walipoamua kuoana, Madame Spes alikuwa na ombi moja tu: Bwiza aje naye. Tangi la Mutakura lilikuwa limeanza kumbana, na la Kinanira lilikuwa na nafasi. Nilimweleza Baba Ornella kwamba hawa wawili ni wa ukoo mmoja, wana umbo moja, na kwa malaika kufanana ni ugomvi. Jirani asiyefanana naye humwacha apite, lakini anayefanana naye humwona mwizi wa nyumba. Nikamwambia aniachie mimi, tufanye polepole, baada ya sherehe. Akaitikia kwa kichwa. Nilijua kichwa kile kilikuwa kwenye mambo ya turubai na viti.

Sasa sikilizeni kosa ambalo nadhani haliwezi kufanyika mji mwingine. Siku ya sherehe, shangazi za bibi harusi waliona si heshima samaki aingie kwa mlango wa nyuma ndani ya ndoo. Wakaniamuru nimtie kwenye mfuko safi, wakaufunga utepe, wakauweka mezani kati ya zawadi. Wakaanza hotuba. Mnazijua hotuba zetu. Msemaji wa upande wa bibi harusi alieleza walikotoka, akasalimia koo zote, akaomba vinywaji vije kwanza ndipo maneno yaweze kutoka. Wa upande wa bwana harusi akajibu kwa marefu zaidi ili asionekane hana maneno. Nami nimekaa mstari wa mbele, Fanta mkononi, macho kwenye mfuko, naona Bwiza anavyopumua upesi upesi. Nilimnong'oneza shangazi mmoja kwamba samaki anachoka. Akanijibu kwamba hata yeye amechoka, na bado kuna wazee wawili hawajasema.

Hatimaye msemaji alitaja samaki, akaomba naye apokelewe. Baba Ornella, aliyejawa na furaha ya siku ile, alisimama, akauchukua mfuko, akaenda sebuleni watu wakimfuata kwa vigelegele, na kabla sijapenya katikati ya vitenge akamwaga kila kitu kwenye tangi. Shefu alitoka pangoni mara moja. Alisimamisha mapezi, akapiga ile sauti yake ya kifuani, kama mtu anayegonga mlango kwa kiwiko, akamrukia. Wageni walipiga makofi. Walidhani wanacheza. Nilivua kitenge cha mabegani, nikaingiza mkono na bakuli, na nilipompata Bwiza pezi lake la juu lilikuwa limechanika.

Hapa niwakumbushe la kikazi: malaika ana mwiba shavuni, na wavu humnasa. Mchoteni kwa bakuli, pamoja na maji yake.

Nilimweka Bwiza kwenye tangi la akiba ndani ya stoo, kati ya magunia ya makaa na baiskeli ya zamani. Madame Spes alikuja pale na gauni lake la harusi, akaipandisha mikono yake ili asilowe. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Maman Mwajuma, kama samaki yangu inashindwa kukaa mu hii nyumba, mi nitakaa je?"

Nilimwambia samaki ni samaki. Lakini tulikuwa tumemwona sote wawili Ornella, amesimama kwenye ngazi wakati wa vigelegele, hakupiga makofi wala hakuondoka. Toka siku ile nilijua kwamba kazi yangu katika nyumba ile haikuwa ya samaki tu, na niliogopa kwa sababu sikuwa na kipimo cha hiyo nyingine.

Njia ya kuwakutanisha malaika wakubwa ninyi mnaijua, nimewaonyesha. Mwenyeji anatolewa kwanza. Mawe yote yanahamishwa, hata moja lisibaki mahali pake, ili asiwepo mwenye pango wala kona. Mgeni anaingia, anazoea. Kisha mwenyeji anarudishwa nyuma ya kizuizi cha plastiki chenye matundu, anarudi kama mgeni naye, na wanaonana kwa siku kadhaa bila kufikiana. Chakula kingi, mara nyingi kwa siku, kwa sababu aliyeshiba hana nguvu ya chuki. Nilimweleza Baba Ornella, akasema fanya hata leo. Ornella alikuwa mezani anasoma. Hakuinua kichwa.

"Ile mawe ni Maman alipanga. Mutu asiguse."

Mimi nilikusanya vitu vyangu. Kuna watu wangesema mtoto hawezi kuamuru, lakini mikono ya mama yake ilikuwa imo ndani ya tangi lile kuliko mahali pengine popote katika nyumba, na hilo lilinifika moyoni. Sikutaka kuwa mimi wa kuyavunja.

Nikajaribu njia ndogo. Niliegemeza kioo cha kujitazamia nje ya tangi, Shefu amwone adui na kumzoea. Alipigana na uso wake mwenyewe siku nzima. Siku ya pili aligundua kwamba adui hashindi wala hashindwi, akamwacha. Nikafurahi, nikamtia Bwiza kwenye chupa kubwa ya wazi na kuiteremsha ndani. Shefu alikumbuka kila kitu, akaipiga chupa mpaka nikahofia pua yake. Baba Ornella akaja na ile dawa ya ziwani, akashauri tununue malaika kumi kwa mpigo. Nilimwambia kwamba hapo tutahitaji ziwa lenyewe.

Wiki zikapita hivyo. Madame Spes aliamka mapema, akaingia stoo kabla ya kwenda dukani, akaketi juu ya kreti ya bia na kumlisha Bwiza lengalenga, huo mchicha wetu, niliyoichovya kwenye maji ya moto. Alizungumza naye kidogo. Nilikuwa nikimkuta pale na kikombe chake cha chai, amejikunja kama abiria anayengoja kuitwa. Nyumba ilikuwa na vyumba vingi na viti vizuri, lakini yeye chai alikuwa anainywea stoo. Na kando ya kreti, ukutani, lilikuwa limesimama sanduku lake la nguo. Alisema chumbani kabati limejaa, atalifungua akipata wakati.

Asubuhi moja Ornella alishuka kutafuta pampu ya baiskeli. Nilikuwa nimeinama nabadilisha maji, Madame Spes yuko kwenye kreti. Ornella alisimama mlangoni. Aliangalia kreti, akaangalia kikombe kilichowekwa sakafuni, akaangalia sanduku lenye vumbi kwenye kufuli. Kisha akaja akachutama mbele ya tangi la akiba, akamtazama Bwiza kwa mara ya kwanza, na Bwiza, ambaye pezi lake lilikuwa limeanza kuota, alikuja mbele kumtazama yeye. Ornella aliuliza ule mwandiko wa mkiani unasema nini. Madame Spes akasema kuna mzee Buyenzi alishindwa kuusoma. Msichana alitabasamu kidogo, halafu akanigeukia mimi, ijapokuwa nadhani hakuwa anasema na mimi.

"Maman alikuwa akipata mugeni, anamupa kitanda yake. Ye alikuwa analala mu salon."

Akasimama, akafuta magoti.

"Basi mumutoe Shefu. Lakini mawe nitapanga mi mwenyewe."

Siku hiyo hakwenda shule mpaka saa nne, na baba yake aliandika sababu ambayo sikuiuliza. Nilimchota Shefu kwa bakuli, akanipiga ile sauti yake ndani ya bakuli, tukamweka stoo mahali pa Bwiza. Ornella alikunja mikono ya sare, akaingiza mikono yote miwili. Nilimwambia kwanza asifanye kitu, angoje. Alingoja. Kisha akaanza kuyatoa mawe ya mama yake, moja moja, akiyaweka kwenye beseni bila kuyagonganisha. Kilima kikashuka. Mapango yakafunguka. Likabaki lile lililopinda kama daraja. Alilishika, akaliachia, akaniangalia. Nilisema, kwa sauti ndogo kuliko niliyokusudia, kwamba hata hilo.

Alilinyanyua, akalipeleka upande wa kulia, upande tuliokuwa tumeutenga kwa ajili ya Bwiza, akalizamisha pale mchangani na kulitikisa kuona kama limekaa imara. Madame Spes alikuwa amesimama nyuma yetu na taulo. Alimfuta Ornella mikono, kila kidole, na Ornella akamwachia. Mimi nilikuwa na kazi ya kupima chumvi, nikaipima mara kadhaa, na sikuweza kusoma kipimo kwa sababu ya macho yangu.

Bwiza aliingia, akapata siku zake za kuizoea nyumba, ndipo Shefu akarudishwa nyuma ya kizuizi. Tukafunika kioo cha nje cha upande wake kwa kitenge cha Madame Spes ili asichoke kwa kutazamwa na watu, na mtumishi wa jikoni akaanza kuuliza siku ya kumtoa ndani ni lini, kama vile wafanyavyo kwa bibi harusi anayefunuliwa baada ya kukaa chumbani. Neno likaenea nyumbani. Siku ilipofika, Baba Ornella alisimama na kusafisha koo aseme machache kwa niaba ya familia. Binti yake na mkewe wakamwambia kwa pamoja akae. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakisema neno moja.

Ornella alivuta kitenge, mimi nikavuta kizuizi. Shefu alitoka na mapezi juu, akaelekea pangoni kwake, na pango halikuwepo. Akaenda kilimani, na kilima hakikuwepo. Alizunguka tangi zima kama mwanamume aliyerudi nyumbani akakuta mke amehamisha viti. Bwiza alitazama kutoka chini ya daraja. Walikutana katikati, wakasimama ubavu kwa ubavu, wakapimana, Shefu akagonga sauti yake, na kisha, kwa kuwa hakuwa na hakika analinda nini, akaondoka. Walifukuzana siku zile za mwanzo, sitawadanganya, na pezi moja likapata tundu. Baadaye nilifika nikawakuta wote watatu, pamoja na yule mdogo wa rangi ya chungwa, wanavuta jani moja la lengalenga kila mmoja kwa upande wake. Nilikwenda stoo kuchukua ndoo. Sanduku la Madame Spes lilikuwa pale pale, limefunguliwa, tupu, na ndani yake mtu alikuwa amehifadhi taulo zangu za kazi.

Huko Kinanira bado wako. Ornella sasa anasoma chuo, na akirudi likizo ndiye anayepika bahari. Mwambieni ukweli maji yakiwa mabaya, hapendi kubembelezwa.

Mimi nimestaafu. Nilidhani nakwenda kupumzika, nikasahau kwamba Saidi alistaafu kabla yangu na ametawala nyumba peke yake tangu hapo. Kiti cha dirishani ni chake, redio ni yake, na siku nilipoigusa sufuria alikuja jikoni kuniuliza natafuta nini. Wiki ya kwanza nilifukuzwa kila kona. Nilianza kunywea chai uani, juu ya pipa langu lililopinduliwa, na siku moja nikajiona nilivyojikunja na kikombe changu. Nikacheka peke yangu.

Ijumaa, alipokwenda msikitini, niliita vijana wawili wa gereji tukatoa kila kitu. Kabati likahama, meza ikageuka, redio ikaenda ilikokuwa cherehani. Kiti chake hakikubaki mahali pake. Alirudi, akavua viatu, akasimama mlangoni. Alizunguka sebule mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili.

"Kiti yangu iko wapi?"

Nilimwambia akae atakapoona pazuri. Alisimama kidogo, akakohoa kile kikohozi chake cha kifuani, kisha, kwa kuwa hakuwa na hakika analinda nini, akaja akaketi karibu nami. Lengalenga nilikuwa nimeshaiweka mezani. Tukala sahani moja, kila mmoja kwa upande wake.